Faini haitamfikisha mjamzito zahanati

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni wa gazeti lako nizungumzie faini ambazo baadhi ya vijiji vya huku kwetu Bonde la Kilombero vinawatoza wanawake waliojifungulia nje ya zahanati. Ninaandika nikiwa mama mkwe, yaani yule mtu ambaye hutajwa kila anapotafutwa wa kulaumiwa katika mambo ya uzazi, na nakiri kwamba sehemu ya lawama hiyo ni haki yangu.

Masika ya mwaka juzi mke wa mwanangu, akiwa na mimba ya tatu, alishikwa na uchungu usiku tukiwa shambani. Wasiolima mpunga huenda wasijue kwamba kwetu kwenda shamba si kuondoka asubuhi na kurudi jioni. Familia nzima huhama kijijini na kukaa dunguni kwa miezi, ikilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe pori, huku njia ya kurudi ikijaa maji hata pikipiki isipite. Kadi yake ya kliniki, yenye tarehe ya matazamio ya kujifungua, tulikuwa nayo, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, lakini hakuna aliyekuwa ameilinganisha tarehe ile na msimu wa shamba. Mimi ndiye niliyesema tusubiri kupambazuke. Mtoto hakusubiri.

Siku chache baadaye mkwe wangu aliniambia kwamba uchungu ulimwanza tangu adhuhuri, akanyamaza makusudi. Katika uzazi uliotangulia alifika kituoni na kanga mbili na wembe, bila glovu, bila beseni wala mpira wa kulalia, akaulizwa mbele ya wazazi wenzake kama alidhani amekuja kutembea. Alihudumiwa na akajifungua salama, lakini neno lile hakulisahau. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma kwa mjamzito ni bure. Hata hivyo orodha ya vifaa vya kununua bado inamfuata hadi mlangoni, na mwezi wa Machi, ghala likiwa tupu, orodha hiyo ni mzigo mkubwa kuliko umbali.

Sibezi hatua iliyopigwa. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kuwa wanaojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16 hadi asilimia 81 mwaka 2022, na vifo vitokanavyo na uzazi vikashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Wala siutetei uzazi wa dunguni, kwa kuwa mzazi akianza kuvuja damu baada ya kondo la nyuma kutoka, bibi mkunga mwenye mikono mizuri hana kitu cha kulinganishwa na sindano ya kuzuia damu iliyoko zahanati.

Ninachokipinga ni adhabu. Tulipompeleka mtoto kliniki, tuliambiwa tuanzie ofisi ya kijiji tukalipe shilingi 50,000. Majirani waliona na wakajifunza, ila si kile kilichokusudiwa: nawajua wawili waliowaficha vichanga ndani kwa wiki kadhaa, bila chanjo ya kifua kikuu wala matone ya polio, wakisubiri wapate fedha ya faini.

Namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga, ni msaada mkubwa, lakini inataka simu iwe na mtandao na gari liwe na barabara, na dunguni vyote viwili hakuna. Kwetu dawa ni mama kutoka shambani kabla ya siku zake. Muuguzi anapoandika tarehe ya matazamio amuulize mama mwezi huo atakuwa wapi, na mume, akiwepo, alisikie jibu. Halmashauri itenge chumba cha kusubiria karibu na zahanati, chenye jiko na nafasi ya kulala na mtoto mdogo, kwa sababu mwanamke hawezi kukaa wiki mbili akisubiri uchungu huku watoto wake wakiwa hawana wa kuwapikia. Kuhusu fedha za faini zilizokwisha kukusanywa, naomba serikali ya kijiji itutangazie mkutanoni ni kiasi gani, na zinunuliwe glovu na mipira ya kulalia.

Mama mkwe na mkulima wa mpunga,
Bonde la Kilombero, Morogoro.