Shoga yangu, usinunue hiyo seva kwanza

Shoga yangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye daladala pale Buguruni sikusikia kitu, ya pili usiku huu nimetulia nyumbani. Hongera sana kwa godauni ya pili, Mungu akuzidishie. Ila hilo swali lako, kwamba hiyo seva, yaani kompyuta ya kutunzia kumbukumbu za biashara, uichukulie diski ya TB ngapi (TB 1 ni kama GB 1,000) ili usisumbuke tena miaka mitano, naomba usitoe hela wiki hii mpaka umalize kusoma hapa, maana mimi swali hilohilo nililijibu kwa kununua na halikunisaidia chochote.

Si unakumbuka tulivyoanza Vingunguti na fuso moja, sabuni na mafuta ya kula, maduka hayafiki hamsini na daftari linatosha kabisa. Sasa hivi magari sita, na kila dereva akishusha mzigo anapiga picha dilivari noti, ile karatasi ya kupokelea mzigo, iliyosainiwa na picha inaingia kwenye programu ya mauzo, kama picha 150 kwa siku. Basi wiki ile ya kuelekea Idd mwaka jana, saa kumi na mbili asubuhi, fuso tatu zimejipanga zinasubiri kupakia, karani ananipigia, dada ankara haisevu. Nikajua diski imejaa. Mdogo wangu akakimbia Kariakoo akanunua kubwa mara mbili ya ile ya zamani, fundi akahamisha vitu mpaka saa tisa mchana, tukawasha, ankara bado haisevu. Tukaandika kwa mkono siku nzima, wateja wawili wa Mbagala wakaona tunachelewa wakachukua mzigo kwingine, na mmoja mpaka leo hajarudi. Inaniuma jamani.

Kumbe diski haikuwa imefika hata nusu. Programu yetu inatumia toleo la bure la databesi, yaani ghala ambamo programu inatunza kumbukumbu zake, na hilo toleo lina kikomo cha GB 10, ikifika hapo unasoma ya zamani lakini kipya haipokei, hata uiwekee diski ya ukubwa gani. Na kilichoijaza wala si mauzo, ni zile picha, aliyetutengenezea programu alizipanga ndani ya databesi kabisa. Piga hesabu na wewe, picha ya KB 200 mara 150 ni MB 30 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni MB 780, miezi 13 tu umeimaliza. Mistari ya mauzo ni maandishi, haili nafasi kiasi hicho. Kwa hiyo tulizitoa picha zote tukaziweka kwenye folda za kawaida kwa mwezi, ndani ya databesi ikabaki anwani tu ya picha ilipo, na programu ikawa nyepesi mpaka makarani wakauliza tumebadilisha kompyuta? Ndiyo maana nakwambia kabla ya TB ngapi, muulize mtu wako wa programu nini kinajaza na kikomo kiko wapi.

Baada ya hapo ndio tukanunua kisanduku cha NAS, yaani cha kutunzia mafaili ya ofisi nzima kwenye mtandao wa ndani, cha diski nne, na hapa nisikilize vizuri. Diski nne za TB 4 si TB 16. Kuna mpango unaitwa RAID, unagawa data kwenye diski zote ili moja ikifa kazi isipotee. Ukizipanga kwa RAID 5 unapata 12 na inavumilia kufa kwa diski moja, ukizipanga kwa RAID 6 unapata 8 na zinaweza kufa mbili. Mimi nilichagua 6, mdogo wangu alisema napoteza nafasi, lakini diski zote nne zimenunuliwa siku moja, dukani kulekule, ikifa moja zilizobaki zinasomwa masaa mengi mfululizo kujenga mpya, na ya pili kufa wakati huo si jambo la ajabu.

Halafu usije ukadhani RAID ni bakapu, yaani kopi ya akiba. Karani wetu alifuta folda ya Machi kwa bahati mbaya, ikafutika kwenye diski zote nne kwa sekunde ileile. Nikasema hamna shida, ipo ile diski ya nje ya bakapu. Tunaifungua, faili la mwisho lina miezi minne! Ilikuwa imeacha kunakili na hakuna aliyeangalia, nikiwemo mimi. Machi ile tuliikusanya upya kwenye makaratasi wiki mbili, na hatukuwa na namna ya kuiacha maana kumbukumbu za kodi sheria inataka zikae miaka mitano.

Sasa hivi kopi ni tatu. Moja kwenye NAS, ambayo tumeipandisha ghorofani kwenye AC na UPS yake ya kushikilia umeme ukikatika, sio chini kwenye vumbi la makatoni, na we unajua mto Msimbazi ukijaa inakuwaje, mafuriko ya Desemba 2011 hayajasahaulika. Ya pili diski ya nje, zipo mbili, kila Jumamosi moja inaenda kwa dada Goba nyingine inarudi. Ya tatu klaudi, yaani seva za kukodi kwenye intaneti, ila databesi tu na picha za mwezi huu. Usijaribu kupandisha vyote kwa mpigo, TB 1 kwa laini ya intaneti yenye kasi ya kupandisha Mbps 10 ni zaidi ya siku tisa usiku na mchana, na Mei 2024 kebo za baharini zilipokatika tungekuwa tunategemea klaudi peke yake tusingetoa hata ankara moja. Alafu majina na namba za wenye maduka ni taarifa binafsi, sheria ya kuzilinda imeanza Mei 1, 2023, ukizipeleka seva za nje ya nchi kuna masharti, uliza mapema.

Na kila mwisho wa mwezi tunachagua ankara kumi za zamani tunazirudisha kutoka kwenye bakapu kwenye laptopu tupu, nakaa na karani mpaka zifunguke zote. Hiyo siiachi hata niwe naumwa.

Kesho nipimie spidi ya kupandisha ya hapo kwako Mbeya, sio ya kushusha, na uniambie hiyo programu yako picha inaziweka wapi. Jumamosi nikitoka Goba nakupigia tupange pamoja.

Wako wa Vingunguti