Msitupe majani yaliyonasa wavuni

Mhariri,

Shule na jumuiya za watumia maji zinazopima afya ya mito kwa kutazama wadudu zinafanya kazi njema. Tatizo ni majani yaliyooza yanayonasa wavuni: hutupwa haraka ili beseni lionekane safi, na hapo hutupwa pia buu wa trikoptera (mdudu anayekulia majini, akikomaa hufanana na nondo) wa familia ya Pisuliidae. Familia hii ipo Afrika kusini mwa Sahara na Madagaska tu, hasa kwenye vijito vya misituni, kama vile vya Usambara.

Buu huyu hutoa mdomoni hariri inayonata hata ndani ya maji, akaunganisha vipande vya majani kuwa kifuko cha kuishi. Akitulia humtambui. Wekeni majani kwenye beseni jeupe lenye maji ya kijito, kina cha sentimita mbili, muache dakika tano bila kulitikisa. Kipande kitakachotoa kichwa na miguu sita kikaanza kutambaa, ni kifuko chenye buu.

Kitazameni upande wa mdomo kwa kioo kinachokuza mara 10. Kifuko cha Pisuliidae kina pande tatu. Cha pande nne, chenye vipande vya mraba, mara nyingi ni cha Lepidostomatidae; vipande viwili vipana vilivyobandikwa, cha juu kikizidi cha chini, ni Calamoceratidae. Kifuko kitupu msikihesabu, maana mabuu wa wadudu wengine huweza kuhamia humo. Mkitaka kumwona mwenyewe, msukumeni taratibu kwa bua butu kutoka upande mwembamba. Mkimvuta kichwa atakatika, kwa sababu ameng'ang'ania hariri kwa kulabu mbili za mkiani.

Kwenye miniSASS, kipimo cha afya ya mto kinachotoa alama kwa kila kundi la wadudu na wanyama wadogo wa majini, trikoptera hupewa alama 9, jamii ya nzi na mbu 2, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya makundi yaliyoonekana. Mkimkosa huyu na hamkuona trikoptera mwingine, wastani unaweza kushuka na mto mzima ukaonekana mgonjwa bure.

Upande wa pili, maji maangavu yasiwadanganye. Buu huyu hula majani yaliyolainishwa na kuvu na hujenga kwa majani hayohayo. Miti ya kingoni ikifyekwa, hana chakula wala nyumba, hata maji yakiwa meupe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za kingo. Tunaomba halmashauri ziisimamie kwenye vijito vidogo pia, si mito mikubwa peke yake.

Wapimaji wa wadudu wa majini,
Tanga