Tarehe 5 Oktoba twende kwa Mwalimu

Habari za jioni wanadarasa wenzangu. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994, na safari hii hatutaishia kutumiana picha za maua humu. Tunakwenda nyumbani kwa Mwalimu wetu wa hisabati. Amestaafu na magoti yanamsumbua, kwa hiyo ule mpango wa ukumbi tumeufuta.

Mnakumbuka alivyosahihisha madaftari chini ya mwembe hadi giza linaingia, kalamu nyekundu kaifunga uzi isipotee? Aliyekosa hesabu hakuchekwa. Alimwita, akakaa naye, wakaanza upya. Mwaka 2019 Peter Tabichi wa Kenya alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani, na sehemu kubwa ya mshahara wake alikuwa akiwapa wahitaji. Niliposoma habari ile nilimwaza huyu wetu, aliyewanunulia baadhi yetu (mimi mmojawapo) kalamu za mtihani.

Mchango ni shilingi elfu kumi kwa mweka hazina, mwisho tarehe 28 Septemba. Vitenge na mchele vimeshaahidiwa. Wenye picha za zamani zileteni. Na jamani, hotuba ziwe fupi!