Da Somoe, Mamdogo hajalewa

Da Somoe shikamoo, za Mikindani, watoto wazima? Mimi mzima ila baridi ya huku Leeds imeniingia mpaka mifupani, nimetoka shifti ya usiku na bado sijalala kwa sababu ya ile video uliyonitumia juzi.

Nimeiangalia sijui mara ngapi. Pale Mamdogo anapotoka jikoni na kikombe, katanua miguu kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, halafu anakipeleka mdomoni kinagonga shavu kwanza, chai yote kwenye kanga. Na sauti yake imekuwa ya kuvutavuta. Nyuma nasikia mtu anacheka eti mama keshaonja uraka. Dada, mwanamke wa swala tano, hata togwa anauliza kwanza imelala siku ngapi, leo ndo aanze uraka? Tena mwezi wa tatu huu, mabibo anayatoa wapi?

Sasa nisikilize. Mimi huku si dokta wala nesi, kazi yangu kuosha wagonjwa na kuwalisha, ila macho ninayo. Mwaka jana kwenye wadi yetu ya neva alilazwa mama mmoja wa miaka sitini na kitu, alianza na kizunguzungu na kutapika, wiki tatu baadae hawezi hata kukaa kitandani bila kushikwa, macho yanachezacheza yenyewe ukimtazama. Picha ya kichwa ikatoka safi, kiharusi hamna. Na yeye walishamsema pombe, wazungu nao wana maneno yao usione hivi. Ndo dokta akaagiza damu ipimwe antibodi (silaha ya kinga ya mwili) inaitwa anti-Yo (hilo Yo ni herufi mbili za jina la mgonjwa, ndo mtindo wao wa kuzipa majina) wakaikuta, na hapohapo wakaachana na kichwa wakahamia tumboni. Kumbe mama ana kansa ya ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi, na mwenyewe hajui.

Nikamuuliza sista, tumbo na kuyumba wapi na wapi? Akanieleza hivi, ule uvimbe unatengeneza protini ambayo kawaida yake inakaa kwenye ubongo, kinga ya mwili ikiikuta kwenye uvimbe inaona huyu adui, inaandaa jeshi, sasa jeshi likishaijua ile sura linapanda mpaka kisogoni, kwenye serebelamu, ile sehemu inayotupa mizani ya kutembea na kushika na kuongea, linaua seli zinaitwa za Purkinje. Yaani kansa yenyewe haijafika kichwani kabisa, ni askari wetu wenyewe. Magonjwa ya aina hii wanayaita paraneoplastiki. Ni adimu sana, sikudanganyi, lakini hii ya anti-Yo karibu wote ni wanawake, kansa inakuwa ya ovari au ya titi, na mara nyingi kuyumba kunatangulia, hata miezi, kabla kansa haijajulikana.

Kinachoniuma ni kwamba seli zile zikishakufa hazirudi. Yule mama alifanyiwa opresheni, akapewa dripu za kansa na steroidi, zile dawa za kutuliza kinga, ugonjwa ukasimama pale ulipofika lakini kutembea ndo basi tena. Nilikuwa namlisha uji mwenyewe. Ndo maana nakukimbiza.

Halafu unamkumbuka yule binti wa jirani aliyekuwa anaongea peke yake, mara mdomo unajitafuna, mara anakakamaa, tukaambiwa majini ya baharini? Nimesoma kwamba mwaka 2007 dokta Josep Dalmau na wenzake walieleza wanawake 12 wa namna ile, karibu wote walikutwa na teratoma ya ovari, ule uvimbe ambao unaweza kuwa na nywele na meno ndani, na mara nyingi wala si kansa. Kinga inapiga vipokezi vya NMDA kwenye ubongo, yaani vile vinavyopokea ujumbe kati ya seli na seli. Huo ukiwahi kuutoa uvimbe na kutibu kinga, wengi wanapona. Kama yeye alikuwa nao sitajua tena, alishazikwa, ila siku hiyo sikula.

Turudi kwa Mamdogo. Wewe mwenyewe uliniambia kwa kicheko gauni la Idi halimfungi tena na akila matonge mawili kashiba. Mimi sikucheka. Mpeleke hospitali ya kanda pale Mitengo, na ukifika usiseme tu "anaumwa kizunguzungu", sema ameanza ghafla, wiki tano hizi, hanywi pombe, na tumbo linajaa. Omba altrasaundi ya nyonga, waulize na damu ya CA-125, kile kipimo cha kusaidia kutafuta kansa ya ovari, wamkague na matiti. Altrasaundi ikiwa safi usiridhike, ulizia CT skani. Inaweza ikawa kitu kingine kabisa, kiharusi, dawa anazomeza, upungufu wa vitamini B12, sawa, ila hakuna hata kimoja hapo kinachotibiwa kwa kumcheka.

Nimetuma laki nne kwenye simu yako. Usimpe mjomba, najua atataka za kisomo, kisomo sikatai, asomewe jioni akishatoka hospitali. Wakiwapa rufaa ya Ocean Road nauli nitaitafuta. Na bodaboda asipande, atadondoka, kodi bajaji ukae nae nyuma. Ukiona mguu mmoja umevimba au kifua kinambana usisubiri kesho, kansa hii inapenda kugandisha damu.

Ile video ifute kwenye grupu la ukoo. Mkiwa kwenye foleni nipigie, hata kama huku ni usiku, simu nitaiweka chini ya mto.

Mdogo wako