Acha hayo maharage ya Minova

Bukavu, Oktoba 2024

Mwanangu, papa wangu,

Dada yako ameniambia. Usimkasirikie, hakutaka kusema. Siku ile ya tarehe 3, boti iliyotoka Minova ilipozama Ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku, huko kwenu Goma, watu wakitazama, mimi nilikuwa sokoni Kadutu nachagua nyanya. Redio ya mwuza mawese ikatangaza, wamama wakashika vichwa, nami nikawaonea huruma wafiwa kama mtu anavyowaonea watu wa mbali. Mwanangu anakaa Goma mjini, nikajisemea, ana shughuli gani na boti za Minova? Nikamaliza kununua, nikadai na matabishi yangu, ile nyongeza ya bure, nyanya mbili. Nafika nyumbani namkuta dada yako amekaa chini jikoni, simu mkononi, analia. Ndipo nikajua kwamba unavuka kwenda Minova kununua maharage na unga, na kwamba umeshavuka mara nyingi. Simu yako ikapatikana saa kumi na moja jioni. Ukasema ni betri.

Sitaki kusikia habari za betri.

Najua njia ya nchi kavu, ya Sake, haipitiki. Najua tangu vita viifunge mwaka huu, chakula kinachotoka huko kinapita majini, na bei imepanda. Sikukatazi kula. Nakukataza kupanda. Mwenye mzigo wake na aulete mwenyewe, wewe umsubiri sokoni Virunga au hapo Kituku, umlipe anachotaka. Ulimwambia dada yako kwamba ukienda mwenyewe unapunguza nusu ya bei. Nusu ya bei ya maharage, papa! Habari ya mjomba wako na ziwa hili unaijua, sitaiandika.

Nimesikia pia kwamba unapika sombe, majani ya muhogo, na wenzako wa kwenye parsele, hapo uani, wanakuja na sahani zao. Nimemweleza mama jirani, naye amewaeleza wengine, kwa hiyo jua kwamba avenyu nzima ina habari. Sijui nani alikufundisha. Mimi nilikuwa nakutoa jikoni, nasema mwanaume hasongi bugali, nenda ukasome. Basi umesoma.

Lakini dada yako anasema bugali wako una uchungu. Hapo shida ni unga. Nyinyi huko mmekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, muhogo wenu unatoka mbali, na anayeuleta ana haraka. Usinunue kwa macho, weupe peke yake hausemi kitu. Chukua unga kidogo, usugue kiganjani mpaka upate joto, kisha unuse. Ukisikia uchachu kidogo, ule muhogo ulikaa majini siku tatu au nne, ukaiva, ukaanikwa. Usiposikia harufu yoyote, weka kidogo kwenye ulimi, na kama ni mchungu mrudishie mwenyewe, hata akikuongezea kopo zima. Si mambo ya kuringa. Hapa hapa Kivu ya Kusini madaktari wameona watu wakipooza miguu kwa muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, ugonjwa wenyewe unaitwa konzo. Changanya na unga wa mahindi, nusu kwa nusu, utakaa tumboni vizuri.

Na sombe ya mashine wanayouza imeshasagwa, ichemshe kwanza zaidi ya saa nzima, sufuria wazi, ndipo utie mawese. Wewe najua unatia mawese mapema kwa sababu unapenda rangi.

Sambaza, wale samaki wadogo, nenda Kituku asubuhi sana, wavuvi wanaporudi na taa zao. Mzuri anang'aa kama kijiko kipya na tumbo lake halijapasuka. Mwezi ukiwa mpevu usijisumbue, maana taa haiwavuti usiku wenye mwanga, na ukiona rundo siku hizo ujue ni wa siku nyingi. Wazee wanasema zamani hawakuwemo ziwani, Wabelgiji waliwatoa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Baba yako anabisha, anasema babu yake alikuwa akiwavua. Muache.

Ukifika Kituku, nunua, geuka, panda pikipiki urudi. Mtu wa boti akikuita hata kwa jina, huyo hukumsikia.

Sasa hiyo fromaji, jibini. Mwezi wa nane nilikuagiza fromaji ya Masisi, ukaleta mbili, nikala, nikagawia watu wa kanisa, nikasema mwanangu ananikumbuka. Sikuuliza umeipata wapi. Mtu akiletewa kitu kitamu haulizi. Dada yako anasema Goma mjini uliiona ghali, ukaifuata Minova. Nimekuandikia tu ujue kwamba fromaji siitaki tena. Hata Noeli siitaki. Daktari naye aliniambia nipunguze chumvi.

Ijumaa nakutumia mzigo kwa yule mama anayeuza vitenge, anapanda boti kubwa ya usiku. Kuna mawese ya Fizi lita 5, unga kilo 10 niliounusa mwenyewe gunia kwa gunia mpaka nikapiga chafya, na ndagala, dagaa wakavu wa Uvira. Usiwaloweke kwenye maji ya moto, wanavunjika vichwa. Ndiyo, najua, na mzigo huo utapita ziwani. Usinijibu hilo.

Hapa mvua imeanza kwa nguvu. Bati la jikoni linavuja palepale ulipoligongea misumari Pasaka, kwa hiyo sijui uligonga nini. Gunia la makala, mkaa wa kupikia, limelowa, napika kwa moshi. Umeme ulikatika Jumatatu. Mdogo wako amefukuzwa shule kwa ajili ya minerval, karo ya shule, baba yako amekwenda kuongea nao, amerudi ameongea mambo ya mpira tu na mkurugenzi. Ukiweza kutuma kitu kwa simu, tuma. Usipoweza basi, lakini usiseme utaweza kwa sababu ya ile nusu ya bei ya maharage.

Nijibu kabla ya Jumamosi. Nipigie Jumamosi yenyewe pia, saa nne asubuhi, nisikie kelele za chukudu, zile baiskeli za mbao, na za barabara nyuma yako.

Bidoni, dumu la mawese, ni ya mama jirani, ile yenye kifuniko chekundu, na ameshaniuliza mara mbili. Ukishamimina, ioshe, umpe yuleyule mama wa vitenge airudishe. Usiilete mwenyewe.

Mama yako