Kabla ya kuilaumu dawa ya minyoo, lipimeni bomba

Ndugu Mhariri,

Masika yakianza, kurasa za ufugaji hujaa matangazo ya dawa za minyoo. Wiki chache baadaye hufuata malalamiko: dawa imechakachuliwa, mbuzi wamenyweshwa na bado wanaharisha, kondoo wamevimba chini ya taya. Dawa bandia zipo, hatubishi. Ila kati ya chupa na tumbo la mnyama kuna chombo ambacho ni nadra kutajwa gazetini, nacho ni bomba la kunyweshea: lile lenye mpini kama wa bastola, silinda inayoonyesha dawa ndani na mdomo mrefu uliopinda. Bomba hilo likipunja mililita moja na nusu kwa kila mbonyezo, dawa halali kabisa itaitwa feki.

Tuchukue kondoo wa kilo 35 na albendazole ya asilimia 2.5, yenye miligramu 25 katika kila mililita. Kipimo cha kawaida cha kondoo ni miligramu 5 kwa kilo, yaani mililita 1 kwa kila kilo 5. Huyu anastahili mililita 7. Mfugaji anazungusha nati mpaka alama ya 7, anabonyeza, anaamini. Bomba lililochoka limetoa 5.5. Kondoo amepata miligramu 137.5 badala ya 175, ambazo hazifiki hata miligramu 4 kwa kilo. Minyoo dhaifu inakufa. Ile inayostahimili inabaki tumboni ikitaga mayai yanayosambaa malishoni, na msimu ujao ndiyo itakayomezwa na kundi zima. Usugu huja upesi kuliko wengi wanavyodhani. Thiabendazole, dawa ya kwanza ya ukoo huu wa albendazole, iliingia sokoni mwaka 1961, na kufikia 1964 tayari ilikwisha kuripotiwa minyoo ya kondoo isiyoisikia.

Kulipima bomba hakuhitaji maabara. Tafuteni jagi au kopo lenye alama za mililita. Tikiseni chupa ya dawa kwa nguvu, maana albendazole ni unga unaoelea ndani ya kimiminika na ukiachwa hutuama chini. Anayeanza kunywesha bila kutikisa huwapa wanyama wa kwanza maji na wa mwisho tope. Bonyezeni mara kadhaa mkirudisha dawa kwenye chombo cha mgongoni mpaka mapovu yaishe ndani ya silinda na ndani ya mpira unaoleta dawa. Wekeni kipimo 10, bonyezeni mara 10 ndani ya jagi. Likisoma 100, bomba ni zima. Likisoma 85, msinyweshe mnyama yeyote kabla ya kujua kasoro iko wapi. Pimeni kwa dawa yenyewe, si kwa maji: dawa ni nzito, huingia silindani polepole, na bomba linalofaulu kwa maji linaweza kufeli kwa dawa. Makete au Njombe asubuhi ya baridi ya Julai dawa huwa nzito zaidi, hivyo asiyeuachia mpini urudi hadi mwisho atapunja kila mnyama. Jagi likiwa safi na kavu dawa haipotei bure, inarudi kwenye chombo na kazi inaendelea. Rudieni kipimo kila mnapojaza chombo upya, kwani nati ya kipimo hulegea na kutembea kwa mtikisiko wa kubonyeza.

Kasoro yenyewe mara nyingi huwa hewa. Mpira unaotoka kwenye chombo cha mgongoni ukilegea pale unapoungana na bomba, hunyonya hewa pamoja na dawa, na silinda hujaa nusu povu. Kata sentimita moja ya ncha ya mpira iliyotanuka, uiingize upya, ubane kwa klipu. Kasoro ya pili hufichika zaidi. Kifuniko cha chombo kina tundu dogo la kuingiza hewa. Likizibwa na dawa iliyokauka, chombo hujikunja kwa ndani kadiri dawa inavyopungua, mpini hurudi kwa uzito, na kipimo hushuka kidogo kidogo: mnyama wa kwanza anapata 7, wa hamsini anapata 5. Hapo hata aliyepima bomba lake asubuhi kwa uaminifu anakuwa amejidanganya.

Kama mpira na kifuniko ni vizima, tazama ndani. Bomba lina vali mbili, moja ya kuingizia dawa na nyingine ya kutolea, na katikati pistoni iliyovishwa oringi, yaani pete ya mpira. Vuta maji masafi yajae silinda, ziba mdomo kwa kidole gumba, kisha bonyeza mpini. Bomba zima hukataa kata kata. Mpini ukienda ndani taratibu huku maji yakirudi mpirani kuelekea kwenye chombo, vali ya kuingizia haifungi, na aghalabu ni chembe ya dawa kavu au unyoya vilivyokwama chini yake. Maji yakitokea nyuma ya pistoni, oringi imekwisha. Ukiachia mpini, bomba likavuta hewa kwa mdomoni badala ya kuvuta maji kutoka kwenye chombo, vali ya kutolea ndiyo imekwama wazi. Springi iliyochoka haihitaji kipimo: mpini unarudi kivivu. Majaribio haya yote huchukua dakika tano.

Ukubwa wa bomba nao una neno. Yanauzwa ya mililita 10, ya 20 na kitu, ya 30, ya 50 na zaidi. Kosa la mililita 1 kwa kipimo cha 7 ni asilimia 14. Kwa kipimo cha 19 ni asilimia 5. Anayenywesha mbuzi na kondoo kwa bomba la ng'ombe analipwa hasara na alama zilizobanana. Vivyo hivyo kwa nguvu ya dawa. Albendazole ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita. Kondoo wetu wa kilo 35 angehitaji mililita 1.75, kipimo ambacho bomba la 30 haliwezi kukishika. Ng'ombe wa kilo 250, kwa miligramu 7.5 kwa kilo, anahitaji mililita 18.75 za dawa hiyo, mbonyezo mmoja wa 19. Kwa dawa ya asilimia 2.5 angenyweshwa mililita 75. Kwa hiyo 2.5 ni ya wadogo na 10 ni ya ng'ombe, na anayechanganya chupa hizo mbili bila kubadilisha nati atapunja mara nne au atazidisha mara nne. Mwenye mbuzi watano, kwa maoni yetu, hana haja ya bomba: sirinji ya plastiki ya mililita 10 au 20 isiyo na sindano inatosha na ni sahihi kuliko bomba bovu. Chupa ya soda iachwe kabisa. Haina kipimo, humimina kuliko mnyama anavyomeza, na kioo kikibanwa na magego hupasuka.

Hapa kuna jambo la mbuzi ambalo lebo nyingi hazilisemi. Mbuzi huiondoa dawa mwilini haraka kuliko kondoo, ndiyo maana madaktari wengi wa mifugo huagiza apewe albendazole mara 2 ya kipimo cha kondoo. Kwa levamisole, dawa nyingine ya minyoo, huishia mara 1.5, kwa kuwa kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru viko karibu. Bomba linalozidisha litamfanya mbuzi atoe mate na kutetemeka. Muulizeni daktari wenu kabla ya kupandisha kipimo, na mkipandisha, siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa na nyama nazo huongezeka kuliko zilizoandikwa. Albendazole isipewe kondoo aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba, wala ng'ombe katika siku 45 za kwanza.

Uzito usikisiwe kwa macho, maana macho hupunguza. Kwa ng'ombe, pimeni mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisheni mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanyeni kwa 10,840, mtapata kilo. Mzunguko wa 150 na urefu wa 120 ni kilo 249. Kwa kundi, wekeni kipimo cha mnyama mzito kuliko wote, si cha wastani. Wakipishana sana, watenganisheni wakubwa na wadogo na mbadilishe nati mara moja tu katikati ya kazi.

Sasa mkono. Mnyama asimame, abanwe ukutani au katikati ya magoti yako, ng'ombe awe kwenye krashi, kile kichochoro chembamba cha kumbania. Mkono mmoja ushike taya kwa chini. Kichwa kiwe usawa wa mgongo au juu kidogo tu. Kukiinua mpaka pua itazame mbinguni ndiko kunakopeleka dawa mapafuni, na siku chache baadaye mnyama anahema kwa shida na anakufa kwa nimonia ambayo hakuna atakayeihusisha na bomba. Ingiza mdomo wa bomba pembeni mwa midomo, kwenye pengo lisilo na meno kati ya meno ya mbele na magego, uupitishe juu ya ulimi kuelekea nyuma, kisha bonyeza polepole ukimwacha ameze. Ulimi usishikwe, maana asiye na ulimi huru hawezi kumeza. Akikohoa, achia kichwa mara moja.

Kufikisha dawa nyuma ya ulimi si urembo. Kwa wanyama wachanga hasa, dawa ikimwagwa mbele ya mdomo, mfereji wa umio (njia ya chakula) unaweza kujikunja ukaipitisha moja kwa moja hadi tumbo la nne. Albendazole hufanya kazi vizuri ikitua kwanza kwenye tumbo kubwa, ambalo huishikilia na kuiachia kidogo kidogo kwa muda mrefu. Ikilikwepa, hutoka mwilini mapema, na kipimo kilichokuwa sahihi jagini kinakuwa pungufu tumboni.

Wala kufikisha nyuma si kuchimba. Mdomo wa bomba uliochongoka, au uliosukumwa na mtu mwenye haraka, hutoboa koromeo. Dalili zake ni mate, shingo kuvimba, harufu mbaya na kukataa kula siku chache baadaye. Hapo tena watu husema dawa ina sumu. Kabla ya kazi pitisha kidole kwenye ncha: ikikwaruza ngozi yako itakata na koo. Msasa laini unatosha, na kama imepinda, nunua nyingine.

Baada ya kazi, pitisha maji ya uvuguvugu yenye sabuni mara 20 hivi, kisha maji matupu, ufungue vipande vikauke kivulini. Maji yanayochemka hupindisha silinda nyingi za plastiki. Oringi ipakwe tone mbili za mafuta ya kula. Oili ya gari na grisi huvimbisha mipira mingi ya mabomba haya, na oringi iliyovimba hufanya mpini ukwame. Bomba lihifadhiwe springi ikiwa haijabanwa. Chombo cha mgongoni kisiwe kilichowahi kubeba dawa ya kupe, hata kioshwe vipi. Na pale bomba moja linapotumiwa na kikundi kizima, mdomo wake uoshwe na kutiwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kutoka boma moja kwenda jingine, kwani mate hubeba ugonjwa wa miguu na midomo.

Yote haya yakifanyika na mbuzi bado wanaharisha, ndipo tuiulize dawa. Kinyesi kipelekwe kwa afisa mifugo kihesabiwe mayai siku ya kunywesha, kisha tena baada ya siku 10 hadi 14, kwa wanyama walewale. Mayai yasipopungua kwa asilimia 95 au zaidi, kuna usugu au dawa ni mbovu. Ila hesabu hiyo haina maana yoyote kama bomba halikupimwa, kwa sababu itakuwa imepima oringi.

Ombi letu kwa wenye maduka ya dawa za mifugo ni dogo. Muuzapo bomba, uzeni na pakiti ya oringi na vali za akiba. Wengi wenu hamna, na mfugaji hulazimika kukata kipande cha ndala kuziba pistoni. Wekeni pia jagi la mililita 200 juu ya kaunta, ili mteja ajaribu bomba hapo hapo kabla hajalipa. Nawe Ndugu Mhariri, tangazo la dawa ya minyoo linapoletwa mezani kwako bila kuonyesha miligramu kwa mililita na mililita kwa kilo, mrudishie mwenye tangazo aziandike.

Wasomaji wenu, wataalamu wa mifugo,
Mpwapwa, Dodoma