Taa ya skuta kuukuu haiponi kwa balbu ya LED pekee

Mhariri,

Ukiingia duka la spea Kisumu au Nakuru kuulizia taa ya Vespa ya zamani, au ya Chetak ya Bajaj, mara nyingi utauziwa balbu ya LED na kuambiwa kazi imekwisha. Ushauri huo huunguza vitu.

Nyingi ya skuta hizi hazitegemei betri kuwasha taa. Umeme hutoka moja kwa moja kwenye koili za magneto (jenereta ndogo inayozungushwa na injini), nao ni wa AC, yaani unaogeuza mwelekeo kila mara, na volti zake hupanda na kushuka kufuata mwendo wa injini. Zile za volti 6 zisizo na betri hazina hata regyuleta, kifaa cha kudhibiti volti. Kinachozuia volti zisipae ni mzigo wa balbu zenyewe, kwa kawaida wati 25 mbele na wati 5 nyuma. Ukitoa ile ya wati 25 ukaweka LED ya wati 5, umeondoa karibu theluthi mbili ya mzigo. Ukivuta mafuta, volti zinaruka na balbu ya nyuma inakufa, pengine na LED yenyewe. Ndiyo maana pia taa ya nyuma huungua punde tu ile ya mbele inapokatika.

Kwa hivyo pima kwanza. Washa injini na taa, weka mita kwenye volti za AC, kijiti kimoja kiguse bodi ya injini na kingine ganda la soketi ya balbu ya mbele. Mita isome karibu na sufuri. Ikionyesha nusu volti, athi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi) ni mbovu, na hasara si ndogo jinsi inavyosikika: nusu volti kati ya 6 hula takriban robo ya mwanga, na volti nzima hula karibu nusu. Injini ya Vespa imeninginia kwenye mipira, kwa hivyo umeme hurudi kwa waya mwembamba na skrubu zilizokaa juu ya rangi. Hapa Kisumu, kwa unyevu wa ziwa, shaba nayo huota kutu ya kijani. Piga msasa hadi chuma kionekane, kisha vuta waya mpya wa milimita 1.5 za mraba kutoka soketi hadi bolti ya injini. Pima vivyo hivyo waya unaopeleka umeme, hasa kwenye swichi ya usukani. Skuta nyingi hupona hapo, bila kununua balbu.

Anayesafiri usiku kuelekea Mau Summit atahitaji zaidi, nayo ni volti 12: sahani ya koili ya Vespa aina ya PX, magneto yake na regyuleta yake. Hakikisha koni ya magneto inalingana na ya krenki (ekseli ya injini), kwani zipo za ukubwa tofauti. Badilisha balbu zote na honi siku hiyo hiyo. Balbu ya wati 35 kwenye volti 12 huvuta ampea 3 hivi, ilhali ya wati 25 kwenye volti 6 huvuta zaidi ya 4, kwa hivyo waya zilezile zinapumua.

LED ije baada ya hapo. Ya DC tupu (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) ikipewa AC itapepesa. Baada ya regyuleta, weka diodi nne za daraja za ampea 25, zinazogeuza AC kuwa DC, na kapasita ya kulainisha umeme, ya mikrofaradi 4,700 na volti 35. Kapasita ya volti 16 itapasuka, kwa sababu kilele cha AC ya volti 12 hufika karibu 17. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: koili ikiwa bado imefungwa kwenye bodi, waya hasi wa LED usiguse bodi popote. Ukigusa, nusu ya umeme inapigwa shoti kupitia diodi, na diodi inaungua. Tenga ganda la balbu, au fungua athi ya koili kwenye sahani na uitoe kwa waya wake.

Taa ya breki msiichezee. Kwenye baadhi ya Vespa za zamani, umeme wa plagi hupitia swichi ya breki, na ukikanyaga breki hupitia balbu. Balbu hiyo ikiungua, injini huzima kila unapofunga breki. Weka yenye wati zilezile za awali, kamwe si LED.

Indiketa za LED zikikataa kumeta, badilisha flasha, kifaa kinachozimeesha.

Mwisho, simamisha skuta mita 5 kutoka ukutani, mwendeshaji akiwa amekaa, na mwanga wa chini (dim) uangukie angalau sentimita 5 chini ya kimo cha taa. LED ambayo vipande vyake havikukaa pale ulipokuwa uzi wa balbu hutawanya mwanga hata ukiirekebisha vipi; irudishe dukani.

Fundi wa skuta,
Kisumu